Viwiko vya Béata

Kijijini kwetu Kirolirwe, watu walikuwa wakimsalimia wifi yangu kwa kumtazama viwiko kwanza, macho baadaye. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikera kuliko yote, na mimi si mtu wa kumeza kinachonikera. Mtu anakuja asubuhi na bidoni yake ya maziwa, ukungu bado umelala juu ya malisho, anasema, "Mama Umwali, muliamuka?" na kabla hajajibiwa ameshapeleka jicho kwenye mkono wa wifi yangu huyo, Béata, pale ndani panapokunjika. Akiona pako salama, anapumua. Akiona pamewiva, anarudi nyumbani kutazama ni vitu gani vinaweza kufungwa kwenye kitenge kimoja.

Mimi naitwa Dorothée. Béata ameolewa na kaka yangu Ndayambaje, na kati ya nyumba yangu na yao kuna ua mmoja tu, tena umetoboka. Alitoka Bweremana, kule ziwani kwa watu wa samaki, akaja kwetu kwenye ng'ombe na baridi. Ngozi yake alikuja nayo. Hakuificha. Tangu utotoni viwiko na nyuma ya magoti vilikuwa vinawasha, vinakuwa vyekundu, halafu vinapasuka na kutoa maji. Ni ukurutu. Infirmier wetu, yaani muuguzi, anauita eczéma, lakini jina la Kifaransa halijawahi kumpunguzia mtu kuwashwa.

Mama yetu, Mukagasana, hakuwa mwanamke wa kusifu watu. Lakini wiki ya kwanza ya ndoa alimwona Béata akijikuna kwenye mlango wa jiko, akamshika mikono bila kuomba ruhusa, akampaka siagi. Siagi yake mwenyewe. Mama alikuwa anakaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, kibuyu cha maziwa mapajani, anakisukasuka mpaka unasikia maziwa yanabadilika sauti ndani: chwa, chwa, chwa. Wakati huo hatukuruhusiwa kupaza sauti, eti siagi itakataa kushikana. Ikishikana, tonge la kwanza halikwenda kwenye chungu. Lilikwenda kwenye mikono ya Béata. Nami niliyetoka tumboni mwake nilipakwa siku za sikukuu tu! Basi, niliona wivu kidogo, ukapita. Ngozi ya wifi ilitulia kwa miaka mingi chini ya mkono wa Mama.

Kazi ya Béata ni jibini. Majirani wanaleta maziwa, yeye anayapasha moto, anayagandisha, anayakamua ndani ya kitambaa, anayatia kwenye maji ya chumvi. Vijana wa pikipiki wanakuja kuchukua na kupeleka Goma. Na vijana wa pikipiki, kila mtu anajua, hawabebi jibini tu. Wanabeba habari. Barabara imefungwa wapi, nani amehama, wapi kumesikika milio ya bunduki. Habari zote zinamwagwa kwanza mlangoni kwa Béata, anazisikiliza mikono ikiwa ndani ya chumvi, na usiku halali.

Kwa hiyo mara ya kwanza vita vilipotufikia, viwiko vyake vilikuwa vimechubuka siku nyingi kabla. Aliogopa kabla yetu kwa sababu alijua kabla yetu. Mbona ni jambo rahisi! Lakini tulipokuwa tumekaa na wakimbizi wenzetu, tukisubiri kurudi, Papa Sebarenzi akafungua kinywa. Papa Sebarenzi ni katekista wetu. Kwa mengine yote ni mtu mwema, ila haoni kuku akivuka njia bila kuuliza Mungu amemaanisha nini.

"Ile mikono ya Béata," akasema, "ilikuwa inakulika mbele ya vita kufika. Miye nilionaka."

Watu wakageuka, wakamtazama. Béata akavuta kitenge, akajifunika. Mara ya pili ikawa vilevile, habari, viwiko, milio, njia. Baada ya hapo hapakuwa na la kubishana. Kirolirwe ilikuwa na redio yake, nayo ilikuwa ngozi ya mke wa kaka yangu.

Fikiria kuishi hivyo. Unaamka, unaogopa kujikuna, na ule uoga wenyewe ndio unaowasha. Watu wanakutazama kuona kama unawashwa, na unawashwa kwa sababu wanakutazama. Nilimwona akikaa juu ya mikono yake kanisani, kama mtoto aliyekatazwa sukari. Mama alimwambia, "Waache waangalie. Miye niko na siagi." Na akaendelea kusukasuka kibuyu chake.

Kisha ukaja mwaka ambao Ndayambaje aliondoa ng'ombe. Wezi walikuwa wamezidi, akasema atawasogeza upande wa Walikale, ambako alisikia kuna majani na kuna utulivu. Aliondoka, akapiga simu mara chache, halafu simu ikanyamaza. Kule mtandao ni wa kupanda mlima kuutafuta, tulijua hivyo. Lakini mke ambaye mume wake hajibu hawezi kupozwa na habari za mtandao. Viwiko vya Béata vikawaka. Safari hii vilipanda hadi mabegani na shingoni. Hapakuwa na habari ya vita hata moja. Palikuwa na mume asiyejibu, basi. Alivaa sweta ya mikono mirefu akaifunga kwenye vifundo vya mikono kwa mpira wa bidoni, na alituomba mimi na Mama tusiseme.

Jumapili ile ilikuwa zamu yetu ya kupeleka matoleo. Béata alibeba jibini, zile za duara, akafika mbele ya altare, akazinyanyua juu kama tunavyofanya sisi, kwa mikono miwili. Mpira ukakatika. Sweta ikateremka hadi kiwikoni, na kanisa zima likaona nyama.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Walitoka mmoja mmoja, mama amebeba mtoto, mzee ameshika kofia, na nyimbo zikaendelea na watu wanaopungua. Tulipofika nyumbani, magodoro yalikuwa tayari vichwani.

"Hakuna vita!" nilipiga kelele njiani. "Anawaza bwana yake! Hamuoni? Anawaza bwana yake!"

Papa Sebarenzi akanijibu kwa upole, na upole wake ndio uliniudhi, "Dorothée, mara mbili haikukosea. Uko na nguvu ya kubakia peke yako na mama muzee?"

Sikuwa nayo. Kijiji kikiondoka, wewe unayebaki ndiye unayekutwa. Mama alikuwa hawezi tena kutembea mbali. Alikaa kwenye mkeka, kibuyu mapajani, akasema, "Miye sikimbie mikono ya muke wa mutoto wangu. Hii mikono miye njo nilipaka. Naijua." Tulimnyanyua hivyo hivyo. Vijana walimtengenezea kipoyi cha blanketi na miti miwili, na kibuyu alikataa kukiacha, akasafiri nacho tumboni. Béata alitembea pembeni amemshika kidole. Umwali, binti yao, aliyekuwa akilala na bibi yake kitanda kimoja tangu aache kunyonya, alitangulia mbele akiwaonyesha wabebaji mawe.

Mvua ya milima yetu ya Masisi haiombi njia. Ilitukuta pale pasipo na nyumba, ikanyesha hadi blanketi likawa zito kuliko aliyelala ndani yake. Tulipofika kwenye baraza la shule moja, Mama alikuwa anatetemeka; kisha akaacha kutetemeka. Béata alimfunika kwa sweta yake, ile ile, na akabaki mikono wazi mbele ya watu wote. Mama alifariki mchana, watu wakila mahindi pembeni.

Kesho yake simu yangu ililia. Ndayambaje alikuwa amerudi na ng'ombe wake wote. Alikuwa amesimama katikati ya kijiji.

"Muko wapi?" akauliza. "Nyumba zote ziko wazi. Kuku njo zinatembea tu. Kumefanyika nini?"

Nilimpa Béata simu, naye akaitazama tu.

Tuliporudi na kumzika Mama, nilidhani sasa watu wataona aibu. Nilisubiri aibu hiyo kwa hamu, sitaficha. Nilitaka waje mlangoni mmoja mmoja waombe msamaha, nami nitawaacha wasimame kwenye tope kidogo. Papa Sebarenzi alikuja kweli. Akakaa, akanywa maziwa aliyopewa, akafuta mdomo.

"Mikono haikudanganya," akasema. "Haikuona vita. Iliona Mama Mukagasana."

Mungu anisamehe, nilimnyang'anya kikombe. Lakini Béata hakukasirika. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, na niliona uso wake ukikubali. Hilo lilinitisha kuliko kifo chenyewe.

Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na kitu. Béata alikuwa anaacha kazi katikati, mikono inachuruzika maziwa, anaweka kichwa upande.

"Dada, unasikia?"

"Nini?"

"Anasukasuka."

Kibuyu cha Mama kilikuwa kimetundikwa ukutani, kikavu, mdomo umezibwa na kitambaa. Nilimwonyesha. Akaitikia kwa kichwa kwamba anakiona, na akaendelea kusikiliza. Alikataa siagi. Alisema harufu yake inamwita jina. Mikono, shingo, kope za macho, vyote vilichubuka. Alikuwa anajikuna kwa kigunzi cha mahindi hadi damu, halafu anatumbukiza mikono ile ile kwenye maji ya chumvi na hata hashtuki. Na mimi, nisiyeamini kuku wala ndoto, siku moja mchana nilikuwa nimekaa peke yangu ndani ya chumba cha Mama nikikunja nguo zake. Chwa, chwa, chwa. Nyuma yangu, kwa mwendo wake, na kile kituo kidogo alichokuwa anaweka kubadilisha mkono. Sikugeuka. Niliacha nguo chini nikatoka nje, nikajifanya naita mbuzi.

Nilimpeleka Béata kwa Viateur, infirmier wa kituo chetu cha afya. Alimtazama mikono muda mrefu. Kwanza akamuuliza kama amejipaka pomade ya sokoni, ile ya kung'arisha ngozi. Béata akakubali: ilimtuliza siku chache, kisha ikarudi mbaya zaidi.

"Achana nayo," Viateur akasema. "Inapunguza ngozi inakuwa kama karatasi. Miye nitakupa ya nguvu kidogo, utapaka vile nitakuambia. Ukinawa, usijikaushe sana, paka mafuta ngozi ikingali na maji. Sabuni ya marashi, hapana. Ukishika chumvi, vaa gants, hizi glavu za mpira, na ndani yake weka kitambaa cha pamba."

"Na ile inaonaka?" Béata akauliza.

"Inaona nini?"

"Mambo yenye kuja."

Viateur aliweka kalamu chini. Yeye si mtu wa kutafuta maneno matamu. "Mama Umwali, ngozi haiko nabii. Ukiwa na mawazo mingi, mwili inakaa kama muntu mwenye kungojea kupigwa. Ngozi yako tangu utoto iko laini, njo inaanza kulia ya kwanza. Unajikuna, haulali, unaongeza mawazo, inawasha tena. Njo vile tu. Hii eczéma haijue vita. Inajua weye uko na woga." Kisha akanigeukia mimi. "Dawa moja siko nayo hapa. Batu baache kumuangalia."

"Na mutoto?" Béata akauliza kwa sauti ndogo. "Inaweza kupita kwa mutoto?"

"Inaendaka mu jamaa, ndiyo."

Tulipofika kwenye ua, Béata alimwita Umwali, akamwingiza ndani, akamkunja gauni nyuma ya magoti, na akaniambia nitazame. Palikuwa pekundu, papana kama kiganja. Ndani ya viwiko palikuwa panaanza. Umwali alisimama anatazama ukuta. Tangu bibi yake afe, mtoto yule alikuwa hali chakula vizuri, analala upande wake ule ule wa kitanda kama anamwachia mtu nafasi.

"Dada, usiseme," Béata akaniambia. "Miye banimalize, haina neno. Lakini huyu bakijua, basi. Hataolewa, hatasoma, kila asubuhi batakuja kumufunua mikono. Mara moja mutu akikufa, batasema ni yeye aliona."

Niliapa. Nikamshonea Umwali soksi ndefu na mikono ya sweta ya ziada. Shuleni wenzake wakamcheka kwamba anaogopa baridi kama mtu wa ziwani. Kila mara nilipomwona akijisugua goti kwenye mguu wa benchi, nilijikuta nafanya lile lile nililowachukia wengine kwalo: namtazama.

Siku ya ukumbusho wa Mama ilipofika, wasichana wa kanisa walitakiwa kucheza wakati wa matoleo, ule mchezo wetu wa kunyanyua mikono juu na kuitanua kama pembe za ng'ombe. Umwali alifundishwa na bibi yake mwenyewe, jikoni, kabla hajajua kusoma. Alilia hadi akakubaliwa. Nguo za kuchezea hazina mikono. Asubuhi ile Béata alimpaka dawa ya Viateur, akamwangalia kwenye mwanga wa mlango, akasema haionekani sana. Nami nikasema haionekani kabisa. Tulikuwa tunadanganyana kwa sababu tulitaka mtoto acheze.

Lakini wiki hiyo vijana wa pikipiki walikuwa wameleta habari mbaya tena, na watu waliingia kanisani na masikio yamesimama. Ngoma ikaanza. Wasichana wakaja kwa mstari, polepole, nyayo zikigusa sakafu pamoja. Mikono ikapanda. Na chini ya dirisha, kwenye mwanga wote ule, viwiko vya Umwali vilikuwa vyekundu kama vimeunguzwa.

Niliona kanisa likiona. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake mgongoni na kuanza kufunga kitenge. Papa Sebarenzi akasimama, kidole kikianza kunyanyuka. Umwali alijua. Mikono yake ilianza kushuka, na uso wake ukawa uso wa Béata siku ile mlangoni.

Béata akatoka kwenye benchi. Alivua kitenge, akavua sweta, akabaki na kiblauzi, na alitembea katikati ya kanisa akiwa ameonyesha kila kitu alichokuwa akificha miaka yote: mabega, shingo, mikono iliyopasuka na kukauka na kupasuka tena. Akasimama mbele ya binti yake, kati yake na watu. Akanyanyua mikono yake juu, pembe mbili za nyama mbichi, akaanza kucheza.

"Muangalie huku!" akasema, bila kuacha kucheza. "Kama munataka kuangalia, muangalie miye. Mutoto ameungua na maji ya moto. Yenye kuona ni yangu. Munasikia? Ni yangu!"

Mwanamke aliyemuuliza Viateur kama ngozi inaona alikuwa amesimama pale akiapa mbele ya altare kwamba inaona. Na watu wakamwamini. Wakamtazama yeye. Macho yote yalimwacha Umwali yakamwangukia Béata, hata niliona mtoto akinyooka, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na mikono yake midogo ikapanda tena nyuma ya mama yake. Papa Sebarenzi alishusha kidole. Mimi nililia kwa hasira na kwa fahari, sikujua ipi imezidi.

Wengi walifunga mizigo jioni ile. Sisi hatukuondoka. Ndayambaje alisema hawezi kumpoteza mtu mwingine njiani, na tulikaa kijijini na nyumba tupu pande zote, tukisikiliza barabara. Hakuna aliyekuja. Waliokimbia wakarudi, wakasema, safari hii Mungu amebadilisha mawazo yake. Hakuna aliyetaja maji ya moto.

Siku hizi ngozi ya Umwali imetulia. Viateur anasema ni mafuta, na ni umri, na ni kwamba anakula na kulala. Mimi nasema ni kwamba hakuna anayemtazama. Ameshusha kibuyu cha bibi yake ukutani, na ndiye anayesukasuka, miguu ameinyoosha juu ya mkeka ule ule, na tonge la kwanza anampelekea mama yake, ambaye sasa analipokea. Kwa hiyo ile sauti iko kila asubuhi, na hatuwezi tena kujua kama yule mwingine amenyamaza. Mara nyingine nasikia kituo kile kidogo cha kubadilisha mkono, natupa jicho, na mtoto hajabadilisha mkono.

Viwiko vya Béata havijapona. Vinapungua, vinarudi. Viateur anamgombeza, anamwambia afunike, apumzike, awafukuze watu mlangoni. Béata anaitikia, anapokea dawa yake, anashukuru. Halafu asubuhi, anaposikia bidoni za kwanza zikigongana njiani, kabla hajafungua mlango anakunja mikono ya sweta yake hadi juu ya viwiko. Kirolirwe kuna baridi asubuhi. Anatoka hivyo hivyo, anasimama pale ambapo kila mtu atamwona kwanza yeye.